Kiota hakingoji barabara ikauke

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji wako mmoja wa Newala aliandika kwamba sisi tunaozunguka na madaftari tukihesabu viota ni watu tuliokosa kazi, na kwamba ndege waliomaliza mtama wake hawataki kuhesabiwa, wanataka kufukuzwa. Barua ile niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Nusu yake nakubaliana nayo: kazi kweli sina, ni mstaafu. Nusu ya pili naomba nafasi niijibu, na nikimalizana naye nina neno na hawa wanaotuletea fomu.

Nimekuwa mkunga kwa miaka 31. Baadhi ya watoto niliowapokea leo wananipakia kwenye bodaboda na nauli hawanidai. Nilipostaafu nikarudi Mikindani nilidhani nimeagana na rejista, kumbe bado. Aliyenirudisha ni mpangaji wangu wa chumba cha uani, mwalimu wa biolojia, ambaye Jumamosi zake zote huishia vichakani na darubini shingoni. Orodha zake huzipeleka kwenye Atlasi ya Ndege Tanzania, kazi inayoendelea tangu miaka ya 1980 kwa nguvu za watu wa kujitolea. Nchi imegawanywa miraba ya nusu digrii, kila upande kama kilomita 55, na kwa kila mraba watu huandika wameona ndege gani, mwezi gani, na kama anataga.

Siku moja alisahau madaftari yake barazani kwangu nami nikayapekua, maana mkunga akistaafu udadisi haustaafu. Julai kurasa sita. Agosti kurasa tisa. Septemba imejaa mpaka pambizoni. Januari, Februari, Machi: hakuna kitu. Aliporudi nikamwuliza, ndege wa Mtwara wakifika Januari huenda likizo?

Akacheka. "Bi Mkunga, Januari kuna tope."

Mhariri, barua yangu yote inatokana na tope hilo.

Nina mnazi umeinamia jiko langu la nje. Ukija Agosti ukiutazama utaona nyuzinyuzi za mwaka jana zinaning'inia, basi. Mvua za Desemba zikishika, asubuhi moja naamka na kelele kama za sokoni: mnana wamefika. Dume anauma ukingo wa ukuti, anaruka nao mdomoni, na ukuti unachanika wenyewe uzi mrefu mwembamba kama wa kusukia ukili. Anaanza na duara, kitanzi anachosimama ndani yake, na kutoka kwenye kitanzi hicho anafuma chumba upande mmoja na mlango upande wa pili, mlango ukitazama chini. Akimaliza ananing'inia chini ya kazi yake, anapigapiga mbawa na kupiga kelele kuita wanawake. Jike anakuja, anaingia, anavutavuta nyuzi kwa ndani kama mama mkwe anayekagua mshono wa mto. Hakuridhika, anatoka, na harudi tena. Kiota kikikaa siku kadhaa bila mtu, kikapoteza ukijani na kuwa kikavu, jike hakitaki tena, na dume mwenyewe anakibomoa ili afume kingine palepale. Msimu uliopita nilikuwa na bwana mmoja kwenye kuti la tatu upande wa bahari aliyebomoa vitatu kabla ya kupata mchumba. Nilimwandikia vyote vitatu.

Maana vinaandikwa vyote. Tarehe, mti gani, kimo, kimefikia wapi: kitanzi, chumba, jike anaingia, chakula kinaingia. Viota vya mnana hatuvigusi wala hatumpandishi mkwezi kuvichungulia, ingawa mkwezi tunaye kwenye kikundi. Tunakaa chini tukitazama nani anaingia na ana nini mdomoni. Akiingia na unyoya au jani laini, bado anatandika. Akiingia na panzi, watoto wameshatoka. Akitoka na kifuko kidogo cheupe mdomoni, ile ni nepi, mama anakwenda kuitupa mbali ili nyumba isinuke. Nilipofahamishwa hilo nilikaa kimya kidogo. Miaka 31 ya kazi, na sikujua ndege ana nepi.

Halafu kuna kekeo. Huyu hajengi. Anafika na mvua, anaita siku nzima sauti moja ya kulalamika, na anavizia mnana ajisahau ili atage ndani ya kiota chake. Mnana naye si mjinga: kila jike ana rangi yake ya mayai, mmoja meupe, mwenzake ya buluu, mwingine ya kijani yenye madoa, na yai lisilofanana na yake analitupa nje. Mayai yaliyovunjika chini ya mnazi wangu nilikuwa nafagia bila kuyatazama. Sasa nayaandika kabla ya kufagia.

Nirudi kwa ndugu yangu wa Newala. Sisemi mnana hali nafaka. Anakula, na jirani yangu ana ushahidi. Lakini kuna kisa mwalimu alinisimulia ambacho mkulima yeyote mwenye hasira na ndege angependa kukisikia. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wafugaji wa njiwa wa mashindano walipeleka malalamiko serikalini. Kozi, wale ndege wawindaji, wamezidi, wanatumalizia njiwa, ulinzi wao wa kisheria uondolewe. Kabla ya kuamua, watu wakapelekwa kuhesabu, wengi wao wa kujitolea, mwaka 1961 na 1962, jabali kwa jabali, kwenye sehemu zilizojulikana kuwa kozi huzalia. Wakakuta kinyume cha malalamiko. Majabali mengi yalikuwa matupu, na kwingine kozi wapo lakini mayai yanavunjika kiotani. Aliyeongoza hesabu ile, Derek Ratcliffe, akaendelea kuchimba hadi mwaka 1967 akaonyesha sababu: maganda ya mayai yamekuwa membamba tangu miaka ile dawa ya wadudu ya DDT ilipoanza kutumika mashambani. Aliweza kulisema hilo kwa sababu kulikuwa na maganda ya zamani yaliyohifadhiwa, akayapima na mapya.

Fikiria, ndugu yangu. Waliotaka hesabu walikuwa walalamikaji kama wewe. Kama wasingelalamika huenda hesabu isingefanyika, na kama isingefanyika wangeendelea kusema kozi wamezidi huku kozi wanakwisha. Kwa hiyo lalamika tu. Ila na wewe uhesabu. Mtama wako umeliwa na nani? Kweleakwelea wanaopita kwa makundi kama wingu, au mnana wa mwembe wa nyumbani kwako? Tarehe ngapi, na wakati huo kiota kimefikia wapi? Januari nilikaa saa nzima na darubini ya kuazima nikitazama kiota kimoja chenye watoto: mama aliingia mara 17, panzi na viwavi, punje sikuona hata moja. Saa moja ya kiota kimoja haitoshi kukuambia chochote kuhusu Newala. Ndiyo maana nakuomba daftari lako.

Kosa langu mwenyewe nalo niliseme, wasije watu wakadhani bibi huyu hakosei.

Mwezi wa nane mwaka juzi tulikwenda Msimbati. Ufukwe ule uko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, mchanga mweupe unaokwenda mpaka macho yachoke. Maji yakitoka, vijana wanakimbiza pikipiki pale kama lami. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha mvinje nikivua viatu, nikamwona kitwitwi anakimbia mbele yangu, anasimama, anakimbia tena, anasimama, kama mtu aliyeacha chungu jikoni na mgeni hataki kuondoka. Nikanyamaza. Baada ya muda akarudi mahali fulani, juu kidogo ya alama ya maji makuu, akaketi. Nikapaweka jichoni kwa kufuata kifuu cha nazi kilichokuwa karibu, nikasogea.

Sikuona kitu. Nikainama mpaka mgongo ukalia. Kumbe alipoinuka alikuwa ameyapigia mchanga kwa miguu: mayai mawili, rangi ya mchanga, madoa kama tope lililorushwa, yamefukiwa nusu, ncha tu ndizo zinazoonekana. Kikombe cha kahawa kingeyafunika yote mawili. Na alama ya tairi ilikuwa imepita hatua mbili kutoka hapo.

Ningeandika, nikaondoka, ingekuwa imekwisha. Lakini mkunga akiona hatari mkono unamtangulia. Nikachukua fito nikaisimika karibu, nikafunga kipande cha kanga nyekundu ili wenye pikipiki waone, wakwepe. Pikipiki zilikwepa, hilo nalisema. Kesho yake asubuhi tulipopita, kunguru wa kifua cheupe alikuwa ametua juu ya fito yangu, mahali pazuri kabisa pa kutazamia mandhari, na pale chini palikuwa na shimo dogo na kipande cha ganda. Kitwitwi anaatamia karibu mwezi mzima. Mimi nilimharibia kwa usiku mmoja, kwa huruma.

Tangu siku hiyo hatusimiki kitu. Tunapima hatua kutoka kwenye mti au jiwe lililokuwapo tangu zamani, tunaandika. Haturudi kwa njia tuliyoingilia ili tusiache barabara ya kuelekea kiotani. Kunguru akiwapo hatusogei kabisa, maana anatusoma sisi. Na picha ya kiota haiendi kwenye kundi la WhatsApp, hata iwe nzuri namna gani. Mjukuu wangu ananuna kwa hilo mpaka leo.

Sasa wenye fomu.

Mwaka jana walikuja wageni wa utafiti, taasisi siitaji, watu wazuri na wenye adabu. Walikuja Agosti. Walikaa siku nne, wakawachukua vijana wawili wa kikundi chetu kuwaonyesha njia, wakajaza fomu. Kijana mmoja akaniletea nakala. Kwenye safu ya viota vya mnana, kwa minazi yote ya huku kwetu, mtaa kwa mtaa: sifuri, sifuri, sifuri. Sifuri hizo ni za kweli. Hawakudanganya. Lakini ni sawa na mtu aje kliniki Jumapili mlango umefungwa, aandike kwamba Mikindani hakuna wajawazito. Kazini kwangu, siku ambayo hakuzaliwa mtoto niliiandika pia, tarehe na mstari, kwa sababu sifuri ni habari. Ila sifuri ya Agosti na sifuri ya Januari ni habari mbili tofauti, na anayesoma fomu ile akiwa mbali ataisoma kama ya mwaka mzima.

Siwalaumu kwa kuja kiangazi. Gari haipiti. Na kiangazi nacho kina wazazi wake: kitwitwi wangu yule, au keremkerem wanaotoboa kingo za mto Ruvuma maji yakishashuka, udongo ukiwa umeshika. Wanaokuja Agosti waje tu, hao wawaandike. Lakini mvua ndiyo inayowafungulia wengi, mnana, kekeo, shore kwenye mikorosho. Huyo shore anafanya kiota kama kikombe kwenye panda la tawi, mkono wa mtu mzima unafika, na wengi wetu tunapogolea mikorosho baada ya kuvuna, yaani yeye ndio kwanza anaanza kuatamia. Kwake tunatumia kioo: saiti mira ya pikipiki iliyovunjika shingo, imefungwa kwenye mwanzi, unaichomoza juu ya kiota, unasoma mayai kwa sekunde tano, unaondoka. Mwenye saiti mira anaitaka irudi. Hatumjibu.

Kuna ndege mwingine anayenisumbua akili, kwa Kiingereza wanamwita Spotted Ground Thrush. Anatembea chini, kwenye majani makavu ya msituni, kifua cheupe chenye madoa makubwa meusi, mkimya. Kenya wanamwona kwenye misitu ya pwani, Gede na Arabuko-Sokoke, kuanzia kama Aprili hadi Novemba, kisha anaondoka. Na Rondo, hapa Lindi, ni mojawapo ya misitu ambako ameonekana. Hesabu mwenyewe miezi ambayo Kenya hayupo: ni miezi yetu ya mvua, ile ambayo njia ya kupanda Rondo inakuwa uji. Mimi goti langu halipandi Rondo tena. Lakini Rondo kuna watu, wanalima, wanaokota uyoga, wanapita msituni humo kila siku Januari na Februari, mvua au jua. Nani amewapa daftari?

Ndiyo nayoyasema, Mhariri. Kiota cha masika kitaandikwa na mtu anayeishi mahali hapo, au hakitaandikwa. Mgeni hata awe profesa hawezi kuwapo siku ya kumi na mbili, mayai yanapopasuka. Mkunga wa kijiji anaweza. Mkwezi anaweza, yeye yuko juu ya mnazi kila siku. Hata mtoto wa manati anaweza: tunaye mmoja mtaani, manati bado iko shingoni, sijamvua, ila anavijua viota vya mtaa mzima kuliko mwalimu, na sasa anataka kwanza kujua kama kuna watoto ndani. Baada ya hapo anafanya nini na manati yake sijui kwa hakika. Namtazama.

Kwa hiyo kama mnakuja, leteni fomu ya Kiswahili. Majina yenyewe yana mtego, tunahitaji kukaa pamoja tuyakubali. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliandika "kereng'ende, viota 2, ardhini", na mwalimu akakuna kichwa wiki nzima akimfikiria mdudu wa mabawa manne, kumbe binti alimaanisha yule ndege wa jamii ya kwale, kama bibi yake anavyomwita. Fomu ikishajazwa, nakala ibaki kijijini, ofisi ya mtendaji au shuleni, ili mwaka kesho mtu aulize mnana wamechelewa kwa siku ngapi na tuwe na pa kutazama. Majibu yenu mliyoyapata huko nayo yarudi. Wageni wale wa Agosti walituahidi ripoti. Nimeambiwa ipo, iko kwenye intaneti, kwa Kiingereza, kurasa nyingi. Mkwezi wetu anauliza kama yumo.

Na fulana basi. Fulana zenye maandishi tumepewa, tunashukuru, tunafagilia nazo. Tuko saba: mimi, mwalimu, mkwezi, mvuvi mmoja mstaafu, kijana wa bodaboda na mabinti wawili wa sekondari. Mwenye kutaka kutusaidia atuletee mabuti ya mvua jozi saba. Namba yangu ni tano, ya mkwezi ni kumi na moja, wengine nitawapima.

Juzi alfajiri kekeo alianza kuita, mapema kuliko mwaka jana kwa siku nne, kwa mujibu wa daftari. Minazi mitatu kutoka kwangu ina vitanzi 14 na chumba kimoja. Daftari limebakiza kurasa chache, na duka la hapa chini limeishiwa yale ya kava gumu, kwa hiyo kesho nikiamka salama nakwenda Mtwara mjini kununua mengine kabla njia haijaharibika.

Wako,
Mkunga mstaafu,
Mikindani, Mtwara
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)